Mwaka wa Kupima Mavi ya Sokoro

Ghati alinipigia simu nikiwa kwenye kikao, na kwa kuwa mimi nachukia vikao, nilishukuru kupata sababu ya kutoka nje hata kabla sijaijua sababu yenyewe. "Dada Tuma," alisema, "mama ametutoka." Hakusema mama yupi. Kwetu sisi wawili mama ni mmoja, Mama Robhi wa Nyansurura, ambaye hakunizaa mimi wala hakumzaa Ghati. Kesho yake nilikuwa barabarani, kutoka Njombe mpaka Dodoma, Dodoma mpaka Mwanza, kisha Serengeti, mgongo unauma kwenye kila tuta, najiuliza kwa nini mtu mzima anayekaribia kustaafu anakimbilia mahali alipoishi mwaka mmoja tu, tena mwaka ambao aliutumia wote kutaka kuondoka. Nilikuta wameshazika. Nililia kaburini, nikawaamkia wazee, nikapewa kiti chini ya turubai, nikakaa kidogo nikainuka. Sijui kukaa msibani, sijawahi kujua. Nilizunguka nyuma ya nyumba mpaka jikoni, nikamkuta Ghati kwenye moshi, mvi zimemjaa kama mimi, akanisukumia sinia la mchele nichambue. Tukaanza kuongea kama watu walioachana juzi.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, nina cheti, nina mabuti mapya na nina haraka. Haraka ya nini, ukiniuliza leo siwezi kukujibu. Nilitaka mji, nilitaka ofisi yenye feni, nilitaka nionekane. Nikapangiwa Nyansurura, kumsaidia Daktari Massawe, mganga wa ng'ombe aliyekuwa akifanya utafiti wa malisho ya kiangazi. Niliandika barua ya kuomba uhamisho kabla sijafungua sanduku. Daktari aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Tumaini," akasema, "maliza vipimo kwanza. Siku vipimo vitakapokamilika, nitasaini." Mimi nikasema sawa, nikidhani vipimo ni jambo la mwezi mmoja au miwili. Thubutu!

Nilipanga chumba kwa Mama Robhi, Daktari akija na kuondoka, kwa sababu maji hayakuwa mbali na kwake, na kwa sababu yeye ndiye pekee aliyekubali kutuazima maksai. Alikuwa mjane, mwembamba, sauti kubwa, anavaa gumbuti za marehemu mumewe. Robhi, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa mbali, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Kwa mila ya Wakurya wa huko, mwanamke kama yeye anaweza kutoa ng'ombe akamwoa msichana, huyo akazaa na mwanaume wa nje, ili nyumba yake ipate watoto na isife. Wanaita nyumba ntobhu. Msichana aliyemwoa alikuwa Ghati, ametoka Genkuru, upande wa Tarime, rika langu kabisa. Alikuwa hajapata mtoto bado, na kule kisimani wanawake walimpunguzia sauti kila alipofika na ndoo. Mimi pia walinipunguzia sauti, maana nilikuwa mgeni wa kusini ninayekaa na ng'ombe badala ya kuolewa. Tulirudi na ndoo zetu sisi wawili, kila siku, yeye mbele mimi nyuma, na nadhani tulianza kucheka pamoja kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kucheka naye. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza moja ya vipimo, na ukuta ambao haukufika kwenye bati, kwa hiyo yote yaliyosemwa sebuleni niliyasikia, nitake nisitake.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana watoto wangu mpaka leo wanadhani nawatania. Kiangazi cha Serengeti ng'ombe wanakonda mpaka unahesabu mbavu. Watu wanawapa mabua ya mahindi, maganda ya maharage, marando ya viazi, majani ya mti wa lukina. Lakini ng'ombe anaweza kujaza tumbo na bado akafa njaa. Utajuaje kipi kinamfaa kweli? Huwezi kumuuliza. Kwa hiyo Daktari alimpiga sindano za ganzi maksai wa Mama Robhi, akiwa amesimama vilevile, akamfungua ubavu wa kushoto, akamwekea kizibo cha mpira cha kufungua na kufunga. Ukikifungua, unaona ndani ya tumbo. Mvuke unatoka, harufu kali ya uchachu, majani yanajigeuza yenyewe polepole. Tulikausha malisho, tukayapima, tukayatia kwenye vifuko vya nailoni vyenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai, tukavifunga kwenye mnyororo, tukavitumbukiza humo. Vingine vinatolewa jioni, vingine asubuhi, vingine kesho yake. Vinaoshwa, vinakaushwa, vinapimwa tena. Kilichopungua ndicho ng'ombe alichokipata. Maksai mwenyewe alikuwa anatafuna tu, wala hana habari. Jina lake Sokoro, yaani babu, kwa mwendo wake wa taratibu. Mwenzake wa kuvuta naye jembe aliitwa Diwani, kwa sababu alipenda kusubiri avutwe.

Mara ya kwanza Ghati alipoona nikiingiza mkono hadi kwenye kwapa, alipiga yowe akakimbia mpaka kwenye mihogo. Siku iliyofuata alirudi, akasimama mlangoni. Siku nyingine akasogea. Mwisho akakunja mkono wa gauni akasema, "Hebu." Aliingiza mkono, akafumba macho. "Jamani, kuna joto! Dada Tuma, kuna kitu kinanishika!" Nikamwambia ni tumbo linafanya kazi. Akakaa hivyo muda mrefu, mkono ndani ya ng'ombe, anacheka peke yake. Baada ya hapo hakukosa hata siku moja. Alinishikia mnyororo, aliosha vifuko, alinisimulia habari za Genkuru, za machimbo na vumbi lake na kaka zake waliochukuliwa akili na dhahabu. Mimi nilimsimulia mji ambao sijawahi kuishi. Alisikiliza yote, na nilipomaliza aliuliza kila mara swali lilelile: "Na huko utakuwa unakaa na nani?"

Vifuko vilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa mavi. Daktari alisema kinyesi, na kwenye karatasi tuliandika kinyesi, lakini kila mtu mwingine alisema mavi na mimi nitasema mavi. Hesabu yake ni nyepesi: unapima kila anachokula, unapima kila anachokitoa, tofauti yake ndiyo iliyobaki mwilini. Sokoro alivalishwa mikanda na fuko la turubai huku nyuma, na mimi, mwenye cheti, ndiye niliyelifungua. Nililimwaga kwenye pipa, nikalipima pipa kwenye mizani, nikachukua kiasi kidogo cha kukausha. Mzunguko mmoja ulikwenda zaidi ya wiki, na humo ndani hakuna kukosa. Ukipoteza mavi ya siku moja, mzunguko mzima umeharibika, unaanza upya. Hilo nilimweleza Daktari kwamba nimelielewa. Sikufikiria kumweleza Ghati.

Basi katikati ya mzunguko wa kwanza Mama Robhi akapata taarifa kwamba wakwe, ndugu zake Ghati, wanakuja kumtembelea binti yao. Nyumba yenye wageni lazima ikandikwe upya, sakafu ing'ae, na hakuna mahali duniani panapokandikwa bila mavi mabichi ya ng'ombe. Lakini ng'ombe wote walikuwa wamepelekwa mbali kutafuta majani, Diwani akiwemo. Aliyebaki nyumbani ni mmoja, na mavi yake yamekusanywa vizuri, mabichi, kwenye fuko safi la turubai. Nilikuwa nimekwenda mnadani kununua chumvi. Niliporudi, nilikuta fuko limelegea. Nikakimbia ndani kuuliza, nikateleza mlangoni nikaanguka chali. Chumba changu kilikuwa kimekandikwa chote, kona kwa kona, na mistari ya vidole imechorwa vizuri kama mawimbi. Ghati alisimama hapo, mikono kijani hadi kwenye viwiko, anatabasamu. "Nimeanza na chako," akasema.

Weee! Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja wakidhani ni wezi wa ng'ombe, wanaume na mapanga yao, wakakuta msichana wa Njombe amekaa chini anapiga sakafu kwa viganja akilia, "Vipimo vyangu! Vipimo vyangu viko hapa chini!" Mwanaume mmoja aliuliza, "Tumsaidie kuvikwangua?" Walicheka mwaka mzima. Mama Robhi ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alinishika bega akaniinua, akasema, "Mwanangu, kwani mavi haya ni ya nani? Ungesema." Na kweli, nilikuwa sijasema. Nikawaeleza siku hiyo wote wawili: kabla ya kupima yasiguswe, baada ya kupima wachukue wanavyotaka, yapo kila siku. Daktari alipokuja na kusikia, aliinamisha kichwa akacheka kimyakimya, kisha akasema tuanze upya. Wakwe walikula, wakanywa, wakasifu sakafu.

Siku chache baada ya hapo Daktari alirudi na akalala kwetu. Mama Robhi alimpikia ugali wa mtama na muhogo, na nyama ya kichuri, ile inayopikwa na majimaji machungu ya utumbo wa ng'ombe. Daktari alikula akiongea kuhusu nyongo na majani, akasahau kabisa kwamba anakula. Mimi nilikuwa nimeshashiba, nimekaa chini chumbani kwangu, Ghati juu ya kitanda ananisuka. Sauti zikawa zinapita juu ya ukuta. "Mama," Daktari akasema, "tukikamilisha vipimo, Sokoro tutamchinja. Nahitaji kuliona tumbo lenyewe, ukuta wake wa ndani. Na mnyama mwenye tundu siwezi kukuachia, nzi watamla." "Mimi nilikuazima," Mama Robhi akasema. "Tutakuletea dume lingine, zuri kuliko yeye," Daktari akajibu. "Mura," Mama Robhi akamwita, yaani kijana kwa Kikurya, "hilo dume zuri linajua kuvuta na Diwani? Diwani havuti na mgeni. Analala chini. Nikipata mvua nisilime, sisi wawili tutakula uzuri?" Daktari akasema ameahidi wakubwa zake, tumbo limo kwenye utafiti, hana la kufanya. Kisha Mama Robhi akauliza, kwa sauti ya chini, "Na huyu Tumaini?" "Tumaini anaondoka siku hiyohiyo. Barua yake nimeshasaini, inasubiri tarehe tu."

Nusura niimbe. Nilitaka kuruka pale pale, nywele nusu zimesukwa nusu ziko wima. Mikono ya Ghati ilisimama kichwani mwangu. Nikageuka nikaona macho yamemjaa machozi, nikafikiri, masikini, anamlilia Sokoro. Nikamwambia pole. Nikamwambia hata mimi nampenda yule maksai, ila ndiyo utafiti ulivyo. Alisuka nywele zilizobaki kwa nguvu mpaka paji la uso likanivutika.

Mzunguko wa pili niliulinda kama mtoto mchanga. Pipa nilifunika, juu ya kifuniko nikaweka jiwe. Siku zilinienda polepole hadi nikawa natembea usiku na mchana kutoka bandani hadi barabarani na kurudi, nikitazama kama kuna gari linakuja ingawa nilijua haliji. Kula nilikula nimesimama. Mama Robhi alisema ninamchosha kunitazama. Asubuhi ya mwisho ya mzunguko niliamka nikiwa nimeshapanga nguo kwenye sanduku. Nikaenda bandani. Jiwe lilikuwa juu ya kifuniko, kifuniko kiko juu ya pipa, na ndani ya pipa hamna kitu. Limeoshwa. Linanukia sabuni.

Nilimkuta Ghati akifagia uwanja, tena kwa bidii. "Mavi yako wapi?" Akasema labda fisi. "Fisi amekula mavi, akaosha pipa, akafunika, akaweka na jiwe?" Akasema fisi wa Serengeti ni wajanja. Sikucheka. Nilikuwa nimejawa na hasira mpaka nikasikia masikio yanawaka. Nilimwita mwizi. Nilimwambia ananifunga miguu, kwamba yeye ameletwa hapa kwa ng'ombe na mimi sikuletwa kwa ng'ombe, na nitaondoka atake asitake. Hayo ni maneno mabaya na niliyasema kwa sauti, mbele ya Mama Robhi. Ghati aliendelea kufagia mahali palepale. Mama Robhi alinitazama, akamtazama yeye, akaingia ndani. Daktari nilimwambia ukweli wote: mavi yameibiwa na mwizi ninamjua. Alikuna kidevu. "Sasa nitamshtaki kwa kosa gani, Tumaini? Polisi wataandika nini?" Tukaanza upya tena, na safari hii fuko nililifungua mwenyewe na pipa nikalala karibu nalo bandani, na Ghati hakusogea. Aliendelea kunishikia mnyororo wa vifuko. Hatukuongea sana.

Vipimo vilikamilika. Na mvua, ambayo haikutegemewa mapema hivyo, ilikuwa imeshanyesha mara mbili. Daktari alikuja na pikapu, na nyuma ya pikapu kakaa mchinjaji na visu vyake ndani ya gunia. Barua yangu ilikuwa kwenye bahasha mkononi mwake. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya safari. Tukaenda bandani kumchukua Sokoro. Banda tupu. Mikanda imetundikwa ukutani vizuri. Daktari akanitazama mimi, mimi nikainua mikono, safari hii sikujua lolote. Kisha tukasikia mluzi kutoka shambani.

Mama Robhi alikuwa ameshika mishikio ya jembe, gumbuti zimejaa tope. Mbele Ghati anaongoza kwa kamba. Katikati Diwani na Sokoro, nira moja, wanavuta. Sokoro alikuwa amefungwa kanga tumboni, imekazwa juu ya kizibo, na alitembea vilevile kama babu. Udongo ulikuwa unageuka mweusi nyuma yao. Majirani walikuwa wameshasimama pembezoni, wanaume wale wale wa mapanga, safari hii hawacheki. Daktari akaita. Mama Robhi hakugeuka. Alikwenda mpaka mwisho wa mtaro, akageuza, akarudi, akatupita. Mchinjaji alishusha gunia chini. Mama Robhi alipotufikia mara ya pili alisimamisha ng'ombe. Alikuwa anahema. "Mura," akamwambia Daktari, "katika nyumba hii mume ni mimi. Niliyemwoa ananitazama nimlishe. Ukimtaka huyu ng'ombe, mfungue wewe kwa mkono wako. Mimi siwezi kumtoa kwenye nira nimpeleke kwenye kisu." Na akaachia mishikio, akarudi hatua nyuma kumpa nafasi.

Daktari alisimama hapo mpaka nikaanza kumwonea huruma. Aliangalia nira. Aliangalia ile kanga. Sokoro akajisaidia, lundo kubwa, na hakuna aliyelipima. "Tutaandika kwamba tumbo halikupatikana," Daktari akasema mwishowe, na akaniambia nilete sanduku la dawa. Jioni hiyo, baada ya kulima, alimpiga ganzi Sokoro, akatoa kizibo, akashona tundu, mimi nimeshika taa na Ghati ameshika pembe. Sokoro alilima misimu mingi baadaye, nilisikia. Mimi niliondoka asubuhi, nyuma ya pikapu, nimekaa pale palipotengwa kwa ajili ya nyama. Mama Robhi alinibariki kwa kunitemea mate kichwani kama walivyo wao. Ghati alisimama kwenye uzio wa katani. Sikupata kumwomba radhi vizuri, kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi na mimi nilikuwa nimeshapanda. Nilikuwa naimba.

Nimepata mji. Nimepata na feni. Nimehama vituo mpaka nimechoka kupanga masanduku, na kila mahali nilipofika nilisimama dirishani siku ya kwanza nikitafuta barabara ya kutokea. Kila Krismasi Ghati alinipigia, akanipa Mama Robhi, akanipa watoto mmoja mmoja walivyozaliwa na kukua. Radhi nilimwomba kwenye simu, akasema mambo ya zamani hayo. Hatukurudi kwenye hadithi ya pipa. Mimi niliisimulia sehemu nyingi, vikaoni, harusini: jinsi msichana wa Kikurya alivyoiba mavi kuokoa ng'ombe. Watu hucheka sana, kisha wanasema, ama kweli wale watu na ng'ombe wao.

Kwa hiyo jikoni pale, mchele ukiwa magotini, huko nje wazee wakiongea chini ya turubai, nilimwambia kwamba nimekuwa nikimsifu miaka yote hii. Nikasema, "Kama si wewe kuiba mzunguko ule, mvua isingetukuta, mama asingemfunga nira, na Sokoro angeliwa. Wewe ndiye uliyemwokoa." Ghati alipuliza moto kwanza. Alikohoa. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyevaa shati ndani nje.

"Sokoro?" akasema. "Dada Tuma, Sokoro alikuwa ng'ombe wa mama. Mama ndiye aliyempigania. Mara ya kwanza ilikuwa ya kukandika, haki ya Mungu sikujua. Mara ya pili nilikuwa nimesikia, nikiwa nakusuka. Walisema vipimo vikikamilika unaondoka."

Vidole vyangu viliacha kuchambua. Huko nje mtu alicheka, mwingine akamnyamazisha.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Ungesema tu, Ghati. Ungeniambia nibaki."

"Ungebaki?"

Nilitaka kusema ndiyo. Alikuwa ameniangalia machoni, na kaburi la mama yetu lilikuwa bado bichi.

"Nisingebaki," nikasema.

"Nilijua," Ghati akasema, akavuta sinia la mchele upande wake. "Ndiyo maana nikachukua mavi."